Sarafu ya Dhahabu ya Tabora na Uchumi wa Rupia Kusini mwa Tanganyika

Serikali ya Wajerumani ilipotangaza kodi ya kibanda mwaka 1897, mwaka ule ule ilipoanzisha boma la Songea, wakazi wa Umatengo, nchi ya milima inayoizunguka Litembo upande wa juu wa Ziwa Nyasa, waliingizwa hatua kwa hatua katika uchumi wa rupia. Hadi hapo chakula chao kilikuwa kimetoka kwenye ngoro, yaani mashimo yaliyopangwa mteremkoni kwa kulaza majani mistari na kuyafunika udongo ili mvua isiuchukue. Mkulima wa namna hiyo hakuihitaji sana sarafu, mpaka alipodaiwa kodi.

Rupia hiyo, iliyofuliwa kwa madini ya fedha, ilianza kuadimika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kufika. Mapigano yaligusa mwambao wa Nyasa mapema kabisa, tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Kiingereza Gwendolen ilipoishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann pale Sphinxhafen, ndiyo Liuli ya leo. Bahari nayo ilipofungwa, sarafu mpya hazikuingia tena kutoka Ujerumani. Zilichapishwa noti za dharura ambazo watu wengi hawakuziamini, na maganda ya risasi yakageuzwa sarafu za shaba za heller 5 na 20, heller ikiwa sehemu ndogo ya rupia.

Ndipo serikali ilipoigeukia dhahabu ya Sekenke, katika Iramba ya leo, iliyokuwa imegunduliwa mwaka 1907. Mwaka 1916, katika karakana ya reli huko Tabora, zilifuliwa sarafu 16,198 za rupia 15, zenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima na herufi T ya mji huo. Kila moja ilikuwa na uzito wa gramu 7.168, lakini dhahabu tupu ndani yake ilikuwa gramu 5.376 tu, kwa kuwa ilikuwa ya karati 18: sehemu 18 za dhahabu kati ya 24, na zilizobaki madini mengine. Rupia 15 zilihesabiwa sawa na mark 20 za Ujerumani, ilhali sarafu ya mark 20 ilibeba gramu 7.168 za dhahabu tupu. Kwa hiyo hata sarafu hii iliyokusudiwa kurudisha imani ilimtaka mpokeaji aiamini serikali kwa robo nzima ya thamani yake, na hilo ndilo jambo zito kuliko uzuri wa tembo yule. Zote kwa pamoja hazikufika rupia 243,000, na tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji liliingia Tabora.

Mwaka 1922, chini ya Waingereza, shilingi ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikichukua nafasi ya rupia, dhahabu ilionekana Lupa, Chunya. Huko ilikuwa chembechembe katika mchanga wa mito, na wachimbaji waliitenga kwa maji na karai, kwa sababu dhahabu, yenye uzito wa gramu 19.3 kwa sentimita moja ya ujazo, huzama chini wakati mchanga, usiofikia gramu 3, unachukuliwa na maji. Umatengo haikungoja utajiri wa aina hiyo: katika miaka hiyo ya 1920 kahawa ya arabika ilianza kupandwa milimani, na buni ikawa njia ya kupata shilingi za kodi, huku ngoro zikiendelea kulisha kaya.