Sefu la Shamba 64

Mtoto wa kaka yangu alikuja kwangu Kapsoya jioni moja ya Julai, mwezi ambao baridi ya Eldoret huingia hadi mifupani. Aliketi jikoni, akaweka kompyuta yake kando ya kibuyu cha maziwa ya mursik. "Shangazi," akaniambia, "wewe umekaa benki miaka 31. Nisomee hii barua uniambie hawa watu wanataka nini." Ilikuwa barua fupi ya kampuni moja ya huduma za kibenki ya Marekani. Ombi lake la kufungua akaunti ya biashara lilikuwa limekataliwa kwa mara ya pili, na sababu zilikuwa mbili: anwani yake haikuthibitika, na chanzo cha fedha zake hakikueleweka.

Kijana huyu hutengeneza programu za simu kwa wateja wa ng'ambo. Wengine humlipa kwa dola za kawaida, wengine kwa USDT, ile sarafu ya kidijitali iliyofungwa kwenye thamani ya dola, ambayo vijana wa hapa huiita tether. Ili alipwe kama wafanyabiashara wenzake duniani, alikuwa amesajili kampuni katika jimbo la Wyoming bila yeye mwenyewe kuvuka hata mpaka wa Malaba. Ada ya jimbo ni dola 100, na juu yake malipo ya wakala anayepokea barua kule. Basi kampuni alikuwa nayo. Alichokosa ni benki ya kuipokea.

Nilimwambia anywe maziwa kwanza. Maswali hayo mawili, unakaa wapi na pesa umezitoa wapi, niliyauliza mimi mwenyewe kaunta kuanzia mwaka wa 1985 hadi nilipostaafu. Na mji huu uliulizwa hayo hata kabla haujapewa jina.

Eldoret ilianza kama namba. Mwaka wa 1908 msafara wa Makaburu zaidi ya 250, ukiongozwa na Jansen van Rensburg, ulipanda uwanda wa Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Nakuru. Ardhi ilipimwa na kugawanywa mashamba, miaka michache tu baada ya Waingereza kumuua Koitalel arap Samoei mwaka wa 1905 na kuvunja upinzani wa Wanandi. Mwaka wa 1910 posta ilifunguliwa kwenye shamba namba 64, na watu wakapaita hapo Sixty-Four. Jina la Eldoret lilikuja mwaka wa 1912, kutokana na neno la Kimaasai la mto wenye mawe, yaani Sosiani wetu. Hata leo utawasikia wazee wakiuita mji huu "Sisibo", Sixty-Four ile ile iliyopita kwenye ndimi za wenyeji.

Mwaka huo huo wa 1912 Standard Bank of South Africa ilifungua tawi hapa. Hadithi ya tawi hilo niliipata wiki yangu ya kwanza kazini, kutoka kwa karani mkongwe aliyekuwa akinifunza kuhesabu noti. Alisema sefu la benki lililetwa kwa gari la ng'ombe kupitia matope, likaanguka lilipokuwa likiteremshwa, na kwa vile hakuna aliyeweza kuliinua tena, benki ikajengwa kulizunguka pale pale lilipolala. Wazungu wameiandika hadithi hiyo vitabuni, nasi tumeisimulia kaunta kwa miaka mingi. Mtu hucheka akiisikia mara ya kwanza. Mimi kadiri nilivyokaa benki ndivyo nilivyoona kuwa inawapotosha watu, kwa sababu inawafanya waamini kuwa benki ni sefu.

Sefu lile lilitunza rupia, kwa kuwa shilingi haikuwa imeingia bado. Rupia za nani? Za mwenye shamba. Aliyekuwa na hati ya ardhi alikuwa na anwani, na aliyekuwa na ngano alikuwa na chanzo cha fedha kinachoonekana kwa macho. Mnandi aliyezaliwa juu ya ardhi ile ile hakuwa na hati, kwa hiyo kwa macho ya benki hakuwa anakaa popote. Baadaye sheria za kikoloni zilizidi kumfungia: Mwafrika akikopeshwa zaidi ya shilingi 200 bila idhini ya serikali, deni hilo halikuweza kudaiwa mahakamani, kwa hiyo hakuna mfanyabiashara mwenye akili aliyemkopesha. Reli ilifika mwaka wa 1924, mahindi na ngano vikasafiri hadi Mombasa, lakini kwa wengi wa waliopalilia ngano hiyo, mlango wa benki ulikuwa ni wa kufagia tu.

Nilipoingia kazini uhuru ulikuwa na miaka 22, na bado hukufungua akaunti ya hundi kwa kitambulisho peke yake. Ulihitaji mtu wa kukutambulisha, mwenye akaunti tayari, aweke sahihi kwamba anakujua. Wakulima waliletwa na majirani waliowatangulia, walimu waliletwa na mwalimu mkuu, na wengine walikuja na barua ya chifu yenye muhuri wa zambarau. Nimeona mama aliyeuza maziwa kwa miaka 10 akirudishwa nyumbani kwa sababu aliowajua wote hawakuwa na akaunti. Siwezi kuitetea desturi hiyo. Lakini nilielewa iliulizia nini. Kabla ya benki kushika pesa zako, ilitaka kujua kuna nani wa kusema juu yako.

Kisha wakaja wanariadha, wakatuletea somo la fedha za kigeni. Kipchoge Keino alikuwa ametangulia, kwani baada ya medali zake za Olimpiki aliingia riadha ya kulipwa Marekani mwaka wa 1973. Boston Marathon ilianza kutoa zawadi za fedha mwaka wa 1986, na mwaka wa 1988 Ibrahim Hussein wa Kapsabet akawa Mwafrika wa kwanza kuishinda. Baada yake njia ikawa wazi. Vijana wa Iten, Kaptagat na Kapsabet waliondoka na viatu begani, wakarudi na hundi za dola.

Sheria ya Udhibiti wa Fedha za Kigeni ilikuwa bado hai. Mkazi wa Kenya aliyepata dola alitakiwa kuiuzia benki iliyoidhinishwa kwa bei iliyopangwa, na kuijazia fomu. Namkumbuka mkimbiaji mmoja aliyetoa hundi yake ndani ya Biblia, imekunjwa mara nne, mikunjo ikiwa imeanza kufuta tarakimu. Nilimweleza kwamba lazima hundi isafirishwe hadi benki iliyoitoa ng'ambo, na kwamba fedha zingechukua wiki kadhaa. Aliniuliza taratibu, "Dada, hawa watu wa huko watajuaje kuwa ni mimi?" Nikamwambia alete mkataba wa mbio, barua ya waandaaji na pasipoti yenye muhuri wa safari. Alileta hata namba ya kifuani, ile karatasi ya kukimbilia, bado ina pini zake. Tuliambatisha nakala ya kila kitu, na fedha zilikuja. Masharti yalilegezwa mwaka wa 1993 na 1994, sheria yenyewe ikafutwa mwisho wa 1995, na mkazi akaruhusiwa kuweka akaunti ya dola kwa jina lake. Maghorofa mengi unayoyaona mjini leo yalisimama kwa pesa za aina hiyo.

Niliyaeleza haya yote jikoni, na kijana akanisikiliza kwa adabu. Halafu akasema, "Sasa shangazi, mimi sina namba ya kifuani."

Hapo ndipo tulipoanza kazi. Nilitaka nijue kwanza hao wa Marekani wanatazama nini, na nikakuta ni historia yetu katika mavazi mengine. Sheria yao ya mwaka wa 1970 ya kutunza kumbukumbu za kibenki ilizitaka benki ziwe macho ya serikali. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, sheria nyingine ikazilazimisha zithibitishe jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na namba ya utambulisho ya kila anayefungua akaunti. Tangu Mei 2018 kampuni ikifungua akaunti, benki huuliza ni binadamu gani hasa anayeimiliki. Wyoming ilikuwa jimbo la kwanza kuruhusu aina ya kampuni aliyoisajili kijana, inayoitwa LLC, mwaka wa 1977, na mwaka wa 2019 ikatunga sheria ya benki maalumu za mali za kidijitali. Lakini jimbo kukusajili ni jambo moja, na benki kukujua ni jambo jingine.

Zipo benki zilizowahi kuufungulia ulimwengu wa sarafu za kidijitali mlango wazi. Silvergate ya California ilianza kupokea kampuni za kripto mwaka wa 2013, na Signature ya New York ikafuata. Soko la sarafu hizo la FTX lilipoanguka Novemba 2022, wateja wa Silvergate walitoa zaidi ya dola bilioni 8 katika robo moja ya mwaka. Tarehe 8 Machi 2023 Silvergate ilitangaza kuwa inafunga kazi, na tarehe 12 wakuu wa New York wakaifunga Signature. Benki zilizobaki zikawa na tahadhari maradufu, na tahadhari hiyo ilimfikia hata kijana wa Eldoret mwenye wateja sita.

Jambo la Synapse ndilo lililoniumiza zaidi. Ilikuwa kampuni ya katikati, ikiunganisha programu za simu na benki halisi. Ilipofilisika Aprili 2024, hesabu za programu na hesabu za benki hazikulingana, na pengo lilikuwa kati ya dola milioni 65 na 96. Watu wa kawaida waliona salio kwenye simu na wakashindwa kulitoa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilimwonyesha kijana habari hiyo, nikamwambia kabla ya kuchagua popote aulize fedha zitalala katika benki gani, kwa jina la nani, na nani anaandika daftari.

Kwetu pia hali ilikuwa ya mashaka. Desemba 2015 Benki Kuu ya Kenya ilitoa onyo kwa umma kuhusu Bitcoin na sarafu za aina hiyo, na benki zikaambiwa zisiziguse. Mwaka wa 2023 serikali ikaweka kodi ya asilimia 3 kwenye mali za kidijitali kabla ya kuwa na sheria ya kuzisimamia. Sheria hiyo imekuja Oktoba 2025, nayo inawapa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kazi ya kuwapa leseni watoa huduma. Imekawia, na vijana wengi wameumia katika giza hilo. Naitakia heri.

Kazi yetu ya jikoni ilichukua miezi mitatu. Namba ya kodi ya Marekani mgeni asiye na namba yao ya hifadhi ya jamii haiombi mtandaoni. Hutuma fomu kwa faksi au posta, au hupiga simu. Kijana hakuwahi kuona faksi, nami nilikumbuka ile iliyokuwa ikilia nje ya ofisi ya meneja. Nilimwonya pia kwamba kampuni ya mgeni mmoja lazima ipeleke taarifa kila mwaka kwa mamlaka yao ya kodi, hata kama haidaiwi chochote, na kwamba kutopeleka ni faini ya dola 25,000. Wanaouza huduma za usajili hawalisemi hilo kwa sauti.

Anwani ndiyo iliyotushinda kwa muda. Alikuwa amejaza Sanduku la Posta, Eldoret 30100, kama sisi sote tunavyojaza tangu posta ya 1910. Wenzetu wa kule hawakubali sanduku, wanataka nyumba. Stima yake ni ya tokeni, haina bili. Tulipata mkataba wa nyumba uliotiwa sahihi mbele ya wakili, kisha tukaenda benki yake ya hapa mjini wakarekebisha rekodi, taarifa ya akaunti ikatoka na mahali anapoishi.

Chanzo cha fedha nilikishughulikia mwenyewe. Nilimpeleka duka la vitabu Oginga Odinga Street, nikamnunulia daftari gumu la kurasa 200. Tukaandika kila malipo ya miaka miwili: tarehe, mteja, kazi aliyoifanya, kiasi, na kwa malipo ya tether, herufi nne za mwanzo na nne za mwisho za namba ya muamala. Palipokosekana mkataba aliwaandikia wateja, nao wakamtumia barua. Mstari kwa mstari, kila jioni hadi saa nne.

Ombi la tatu alilipeleka Oktoba. Waliuliza swali moja, kuhusu malipo matatu ya tether ya mwezi Machi, naye akajibu siku ile ile na nyaraka. Akaunti ikafunguliwa.

Juma lililopita alikuja na rafiki zake wawili, kila mmoja na daftari jipya. Wakamwomba awaonyeshe lake, akalitoa kwenye mkoba. Juu ya jalada ameandika jina la kampuni, chini yake namba ya kodi ya Marekani, na chini kabisa, kwa kalamu nyeusi, anwani: namba ya kiwanja cha baba yake, Kapsoya, Eldoret.