Uholanzi Yapiga Marufuku Fataki za Watu Binafsi: Chimbuko la Sheria na Namna Itakavyofanya Kazi

Tarehe 1 Julai, 2025 Seneti ya Uholanzi iliidhinisha muswada wa kupiga marufuku uuzaji wa fataki kwa watu binafsi na ulipuaji wake mitaani. Baraza la chini la Bunge la nchi hiyo lilikuwa limeupitisha mwezi Aprili mwaka huo huo. Muswada huo, uitwao Sheria ya Mwaka Mpya Salama, haukuletwa na Serikali. Uliwasilishwa na wabunge wa vyama viwili vya upinzani, GroenLinks na Partij voor de Dieren, ambacho ni chama cha watetezi wa wanyama. Lengo lililowekwa ni marufuku hiyo kuanza kutumika katika sherehe za kuukaribisha mwaka 2027.

Nchini Tanzania ulipuaji wa fataki, au fashifashi kama ziitwavyo mitaani, huhitaji kibali cha mamlaka, na kila mwaka unapokaribia kuisha Jeshi la Polisi hulikumbusha hilo. Msomaji wa hapa nyumbani anaweza basi kujiuliza kuna jipya gani. Jipya ni kwamba Uholanzi ilianzia upande wa pili: huko fataki zilikuwa haki ya kila mtu mzima, na haki iliyokwisha kuzoeleka ni ngumu kuiondoa kuliko ile ambayo haikuwahi kutolewa.

Kwa mujibu wa utaratibu uliokuwepo, fataki ziliuzwa kwa siku tatu tu za mwisho wa Desemba, katika maduka yenye leseni. Muda wa kuzilipua ulikuwa kuanzia saa 12 jioni ya tarehe 31 Desemba hadi saa 8 usiku wa kuamkia Januari mosi. Hadi mwaka 2014 iliruhusiwa kuanza tangu saa 4 asubuhi. Katika miaka ya karibuni wananchi walitumia zaidi ya euro milioni 100 kwa ajili ya usiku huo mmoja, na ilipofika alfajiri mitaa mingi ilikuwa imetandikwa mabaki ya karatasi nyekundu za fataki.

Umoja wa Ulaya umezigawa fataki katika madaraja manne, F1 hadi F4, kwa kuzingatia ukubwa wa hatari. Daraja la F1 ni vitu vidogo kama vijiti vya kumetameta, ambavyo umri wa chini wa mnunuzi ni miaka 12. F2 ni zile za kulipuliwa nje ya nyumba, kwa wenye umri wa miaka 16 na kuendelea. F3 zina nguvu zaidi na huanzia miaka 18, na F4 ni za wataalamu pekee. Nchi mwanachama inaruhusiwa kuweka masharti makali zaidi ya hayo kwa ajili ya usalama wa watu. Kiini cha sheria mpya ya Uholanzi ni kuiondoa F2 mikononi mwa raia.

Nchi hiyo ilikuwa na sababu ya kuziogopa fataki mapema zaidi. Jumamosi ya tarehe 13 Mei, 2000 ghala la kampuni ya S.E. Fireworks lililipuka katikati ya makazi ya watu mjini Enschede, karibu na mpaka wa Ujerumani. Watu 23 walifariki dunia, wanne kati yao wakiwa askari wa zimamoto. Takribani watu 950 walijeruhiwa, na nyumba zipatazo 200 za mtaa wa Roombeek ziliteketea. Wakazi wa Dar es Salaam wanaokumbuka milipuko ya Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, ingawa yale yalikuwa maghala ya silaha za jeshi, hawahitaji kuelezwa maana ya vilipuzi kuhifadhiwa jirani na nyumba za watu. Hata hivyo, funzo la Enschede lilielekezwa kwenye uhifadhi: kanuni za mwaka 2002 zilikaza masharti ya maghala na maduka. Mnunuzi na kiberiti chake hawakuguswa.

Huyo mnunuzi ndiye aliyekuwa akiijaza idara ya dharura ya hospitali. Madaktari wa macho wa Uholanzi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupaza sauti, kwa kuwa ndio waliokuwa wakipokea vijana waliopoteza uwezo wa kuona, na wengi wa majeruhi hao hawakuwa wamewasha chochote. Walikuwa wamesimama tu wakitazama. Desemba 2017 Bodi ya Usalama ya nchi hiyo ilishauri kupigwa marufuku kwa roketi na fataki za mshindo, zilizoonekana kuwa hatari zaidi. Ushauri huo ulikuja kutekelezwa mwishoni mwa mwaka 2020. Kabla ya hapo, usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari, 2020, fataki zilizowashwa kwenye ukumbi wa kuingilia wa jengo la ghorofa mjini Arnhem zilishika sofa lililokuwa hapo. Familia ya watu wanne iliyokuwa ikirejea nyumbani ilinaswa ndani ya lifti kwa moshi. Baba na mtoto wake wa kiume wa miaka minne walifariki dunia; mama na binti waliokolewa.

Hoja iliyozidi zote ilipatikana bila kutafutwa. Kutokana na janga la UVIKO-19, Serikali ilisimamisha uuzaji na ulipuaji wa fataki kwa misimu miwili mfululizo ili hospitali zilizokuwa zimeelemewa zipate nafuu. Katika msimu wa 2019/2020, kabla ya janga, majeruhi waliotibiwa hospitalini na kwa madaktari wa zamu walikuwa 1,285. Msimu uliofuata, wa kwanza wa katazo, walishuka hadi 389. Msimu wa pili walikuwa 773, kwani watu walikwisha kuzoea kununua nje ya mipaka na kutumia akiba iliyobaki. Katazo lilipoondolewa, idadi ilirudi 1,253. Ni nadra kwa mtunga sera kupata kipimo cha wazi namna hii, na takwimu hizo zinasema mambo mawili kwa wakati mmoja: katazo hupunguza majeraha, na katazo lisilosimamiwa hupungua nguvu ndani ya mwaka mmoja.

Baadhi ya miji, ikiwemo Rotterdam na Amsterdam, iliamua kuzuia fataki ndani ya mipaka yake. Hapo ndipo ulipoonekana upungufu wa sheria iliyokuwepo. Halmashauri ya mji ilikuwa na mamlaka ya kukataza ulipuaji, lakini haikuwa na mamlaka ya kukataza uuzaji, kwa kuwa jambo hilo lilikuwa la sheria ya nchi. Mkazi aliweza kununua fataki kihalali dukani, akatoka nazo mlangoni akiwa na stakabadhi yake, na kuwa mkosaji mara tu alipoziwasha mbele ya duka lile lile. Kwa askari wa doria, kumpata aliyewasha katikati ya umati na moshi ni kazi isiyowezekana. Mameya na vyama vya askari polisi walidai katazo la nchi nzima kwa sababu hiyo hasa: palipo na katazo la jumla, kila fataki ya F2 inayoonekana mtaani ni kosa, na hakuna haja ya kuuliza imetoka wapi.

Wapinzani wa sheria walikuwa na hoja zinazostahili kusikilizwa. Walisema kwamba madhara makubwa yanatokana na fataki haramu zenye nguvu ya F4, ambazo tayari zilikuwa marufuku na ambazo wahalifu wamezitumia kulipua milango ya nyumba, na kwamba sheria itamwadhibu mzazi anayefurahi na wanawe huku mlanguzi akiendelea. Hofu ya magendo si ya bure. Ireland imekataza kwa muda mrefu kuwauzia raia fataki zaidi ya zile za F1, na bado kila mwezi Oktoba zinavuka kutoka Ireland ya Kaskazini. Uholanzi nayo inapakana na Ujerumani na Ubelgiji, na mipaka hiyo haina vizuizi vya ukaguzi wa kila gari.

Kwa sababu hiyo, Bunge liliambatanisha sheria na masharti matatu ya kutimizwa kabla haijaanza kutumika. Serikali iandae mpango wa usimamizi unaotekelezeka. Wafanyabiashara walioandaa maghala na leseni kwa mujibu wa sheria ya awali wafidiwe. Na uwekwe utaratibu wa kuruhusu vyama vya wananchi kulipua fataki kwa pamoja. Katika utaratibu huo, kikundi cha mtaa au kijiji kitaomba ruhusa kwa meya, ambaye anaweza kuikubali au kuikataa.

Maonesho yanayofanywa na wataalamu wenye vibali, kama yale ya Daraja la Erasmus mjini Rotterdam, hayaguswi na sheria hiyo. Fataki za F1 pia zitaendelea kuuzwa, ingawa kijiti cha kumetameta kinachopewa mtoto huwaka kwa joto linaloweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Vijijini, hasa kaskazini na mashariki mwa nchi, itabaki desturi ya kutia kabaidi na maji kidogo ndani ya debe la maziwa na kuiwasha ili mfuniko uruke kwa kishindo. Kabaidi, ile ile inayotumiwa na mafundi wa kuchomelea vyuma, haihesabiwi kisheria kuwa fataki, na mamlaka ya kuiruhusu au kuizuia imeachwa kwa kila halmashauri.