Tarakimu Ishirini za Umoja

Mtaa wa Umoja ulianza kujengwa na Baraza la Jiji la Nairobi katika miaka ya 1970, kwa mkopo uliodhaminiwa na Marekani kupitia USAID. Zilikuwa nyumba za chini, za watu wa kipato cha kadiri. Wenyewe wakaongeza chumba, kisha orofa, hata leo sehemu ya mtaa iitwayo Innercore ni maghorofa yaliyobanana. Wapangaji walipozidi, bili ya stima ikawa chanzo cha ugomvi: mita moja, milango kadhaa, huyu ana pasi, yule ana balbu tu.

Dawa ilikuwa tokeni. Kenya Power ilianza kuleta mita za kulipia kabla mwaka 2009, na baadaye simu ikawa ndiyo duka la stima: lipa kwa M-Pesa, pokea tarakimu 20, zibonyeze.

Wachache walijua kwamba wanabonyeza fumbo. Tokeni ni ujumbe uliofungwa kwa ufunguo wa siri wa mita moja tu, ndiyo sababu tokeni ya jirani hukataliwa. Mfumo huo, STS, ulizaliwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mita yenyewe haikuhitaji intaneti. Mtandao wake ulikuwa kidole cha mpangaji.

Lakini mfumo huo ulikuwa na kikomo. Kila tokeni ilibeba muda uliohesabiwa kwa dakika tangu 1 Januari 1993, na nafasi ya hesabu hiyo ingejaa tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo funguo zilipaswa kubadilishwa, mita kwa mita. Wateja wakatumiwa mafungu mawili ya ziada ya kubonyeza kabla ya tokeni yenyewe. Kazi ya wahandisi wa usalama ikafanyiwa jikoni na koridoni, na asiyeifanya angekuta mita yake inakataa tokeni mpya. Sioni zoezi bora zaidi la kujiandaa kwa linalokuja.

Linalokuja ni kompyuta za kwantamu. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya aina hiyo, ikipata nguvu ya kutosha, itavunja funguo za wazi (public key) zinazolinda benki na intaneti. Funguo za siri za aina ya tokeni hazimo hatarini kiasi hicho; zikirefushwa, zinastahimili. Wasiwasi uko kwa mita erevu, ambazo Kenya Power imeanza kuzifunga. Hizi huzungumza na kampuni kupitia mtandao, na nyingi za aina yake duniani hutegemea funguo za wazi kuthibitisha amri na programu mpya.

Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya kwanza vya funguo za kuhimili kompyuta za kwantamu. Novemba ikapendekeza funguo za wazi za zamani zikome kutumika ifikapo 2035. Mita inayofungwa Umoja leo huenda mwaka huo ikawa bado ukutani. Basi wanunuzi wa mita waulize kwenye zabuni, kabla ya mita nyingine kufungwa: ufunguo wake utabadilishwaje?