Mlinzi Ndani ya Picha: Taswira ya Hospitali ya Wagonjwa wa Akili kutoka Zaragoza hadi Mirembe

Nchini Tanzania, jina Mirembe limevuka kuta za hospitali iliyofunguliwa Dodoma mwaka 1927. Mtu wa Nyegina, mkoani Mara, akiambiwa kwamba anastahili kupelekwa Mirembe, huelewa papo hapo kuwa ameitwa mwendawazimu, hata kama hajawahi kufika Dodoma. Jina limegeuka taswira, lakini taswira hiyo haina mtu ndani yake.

Uzito wa pengo hilo hudhihirika inapotazamwa kazi ya Francisco Goya, mchoraji wa Hispania. Mwaka 1794, baada ya maradhi yaliyomwacha kiziwi, Goya alichora juu ya bati ua la wendawazimu. Katika barua ya Januari mwaka huo kwa Bernardo de Iriarte, alieleza kuwa tukio hilo alilishuhudia Zaragoza. Wanaume wawili walio uchi wanapigana, wengine wamevaa magunia, na mlinzi anawacharaza wanaopigana. Jambo la msingi ni mlinzi huyo. Kwa kumweka ndani ya picha, Goya anaonyesha maradhi pamoja na mamlaka yanayoyasimamia.

Katika Afrika Mashariki ya kikoloni, kalamu ilishikwa na msimamizi mwenyewe. J. C. Carothers alikabidhiwa Hospitali ya Mathari, Nairobi, mwaka 1938, akiwa hana mafunzo ya utabibu wa akili. Katika taarifa yake iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, alimfananisha Mwafrika na mgonjwa wa Ulaya aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Aliyoyaona wodini yaligeuka hukumu juu ya bara zima, naye mwenye kuhukumu hakuonekana katika picha.

Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Mashetani (1971), inaelekea upande mwingine. Kuvurugika kwa akili ya Kitaru hakuelezwi kwa maumbile ya Mwafrika. Kunafungamanishwa na historia ya ukoloni na matabaka yaliyochipuka baada ya uhuru. Hussein anamwondoa mgonjwa katika hukumu ya aina ya Carothers. Hata hivyo, kitovu cha mgogoro wake ni jamii, si wodi.

Kwa hiyo, historia ya Mirembe na Mathari haiwezi kukamilishwa kwa majalada ya madaktari peke yake. Inahitaji jicho litakalomwona mgonjwa, na likamwona pia aliyeshika ufunguo.