Kebo duni huzima kamera za usalama msimu wa mvua

MTU anapoazimia kufunga kamera za usalama nyumbani, aghalabu huuliza kuhusu ubora wa picha, uwezo wa kuona gizani na muda ambao rekodi huhifadhiwa. Suala la kebo huachiwa fundi, naye huenda akachukua ile ya bei nafuu zaidi dukani.

Athari za uamuzi huo hujitokeza baada ya misimu michache. Kamera ya langoni huzimika usiku wa mvua kubwa, nao ndio usiku aupendao mwizi kwa kuwa kishindo cha maji juu ya mabati humfichia nyayo zake.

Katika eneo la Timboroa, kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, jambo hili lina uzito wa pekee. Kituo cha reli cha Timboroa kiko mita zipatazo 2,740 juu ya usawa wa bahari, kaskazini kidogo mwa Ikweta. Mvua huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi Septemba, huku usiku ukiwa na baridi kali.

Jua nalo lina ukali wake. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Hivyo basi, kebo iliyo nje Timboroa huchomwa mchana, hupoa ghafla usiku na kulowa kwa miezi kadhaa kila mwaka.

Shaba halisi

Kebo ya mtandao huwa na nyaya nane nyembamba, zilizosokotwa katika jozi nne. Kwa kamera za nyumbani, daraja la Cat 5e latosha, ingawa Cat 6 huwa na nyaya nene kidogo na hupoteza umeme kidogo zaidi njiani.

Jambo la kuzingatia zaidi ni madini yaliyotumika. Kebo nyingi za bei ya chini hutengenezwa kwa alumini iliyopakwa shaba juu tu, na huandikwa CCA kwenye ganda au kwenye boksi. Viwango vya kimataifa vya kebo za aina hii huhitaji shaba tupu.

Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu kamera nyingi za kisasa hupokea umeme kupitia kebo iyo hiyo inayosafirisha picha, kwa mfumo uitwao PoE. Kiwango cha kwanza cha mfumo huo, kilichotolewa mwaka 2003, huruhusu wati 15.4 kutoka kwenye swichi na kuhakikishia kamera wati 12.95, kwa kuwa kiasi fulani hupotea katika safari ya hadi mita 100.

Alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 hivi ya uwezo wa shaba. Kwa hiyo upotevu huwa mkubwa zaidi. Kamera yaweza kufanya kazi vyema mchana, kisha ikazimika na kuwaka tena mara taa zake za kumulika gizani zinapohitaji umeme zaidi. Mwenye nyumba hudhani kamera ni mbovu, hununua nyingine, na tatizo hubaki palepale.

Mnunuzi anaweza kujihakikishia kabla ya kulipa. Ukiparua waya mmoja kwa wembe, shaba halisi hubaki na rangi yake hadi ndani, ilhali alumini huonyesha weupe wa fedha. Isitoshe, boksi la kawaida la mita 305 la kebo ya alumini huwa jepesi mno, na waya wake hukatika upesi ukikunjwa mara kadhaa.

Ganda la nje

Kebo ya kijivu au nyeupe yenye ganda la PVC imekusudiwa ndani ya nyumba. Ikiachwa juani, ganda hukauka, hupasuka na kuruhusu maji kupenya hadi kwenye nyaya.

Kebo ya nje huwa na ganda jeusi la polithini lililochanganywa na kaboni, ambayo hulikinga dhidi ya jua. Hata hivyo, rangi nyeusi pekee si ushahidi. Maandishi yaliyo kwenye ganda yapasa kuthibitisha kwamba kebo ni ya matumizi ya nje.

Polithini ya kawaida hushika moto kwa urahisi. Katika nyumba za mbao, ambazo ni nyingi eneo hilo, yafaa kebo ya nje iishie karibu na inapoingilia, kisha ya ndani iendelee.

Maji na viungo

Kebo nyingi haziharibikii katikati bali miishoni. Maji yakiingia kwenye plagi ya kamera, pini za shaba huliwa na kutu ya kijani. Maji hayo pia yaweza kutiririka ndani ya ganda hadi kwenye rekoda iliyo sebuleni.

Kinga yake ni rahisi. Kebo iachwe ining'inie kama kitanzi chini ya tundu la ukutani kabla ya kuingia, ili matone yadondoke badala ya kufuata waya. Tundu lenyewe litobolewe likiinamia nje, kisha lizibwe.

Plagi ya kamera ivalishwe kofia yake ya mpira, ambayo mafundi wengi huitupa pamoja na boksi, au iwekwe ndani ya kijisanduku kisichoingia maji nyuma ya kamera. Utepe wa kawaida wa mafundi wa umeme hautoshi, kwani gundi yake huachia kwa jua na unyevu. Aidha, kebo isiungwe njiani. Ni heri kipande kimoja kutoka rekoda hadi kamera.

Kebo inayopita chini ya paa isiguse makali ya mabati. Bati hutanuka mchana na kujikunyata usiku, na kwa muda huikata kama msumeno.

Juu au ardhini

Kebo inayovuka uwanja angani huhitaji waya wa chuma wa kuibeba, la sivyo uzito wake na upepo huivuta hadi nyaya za ndani zikatike. Isifungwe kwenye mikaratusi inayoyumba, wala kwenye nguzo za Kenya Power bila idhini.

Inayozikwa iwe ya aina iliyojazwa mafuta mazito ya kuzuia maji, ndani ya bomba, kwenye mtaro wa takriban nusu mita. Wakulima wa viazi wa nyanda hizo wanamfahamu vyema adui mwingine: fuko, ambaye hutafuna akichimba. Palipo na fuko wengi, bomba la chuma au kebo iliyozungushiwa chuma hufaa kuliko plastiki laini.

Kebo ya kamera isilazwe katika bomba moja na nyaya za umeme wa volti 240. Zikilazimika kupishana, zipishane kwa pembe mraba.

Radi

Kebo ya shaba inayounganisha nyumba na ghala au lango yaweza kuingiza nguvu ya radi hadi kwenye rekoda, hata radi ikipiga mbali kidogo. Vifaa vya kukinga mshtuko wa umeme hufungwa pande zote mbili na kuunganishwa na waya wa kupeleka umeme ardhini. Bila waya huo havina faida, na hakuna kifaa cha aina hiyo kinachoweza kustahimili radi ikipiga moja kwa moja.

Palipo na umbali unaozidi mita 100, au majengo mawili tofauti, kebo ya nyuzi za kioo hutatua matatizo yote mawili, mradi isiwe na chuma ndani, kwani kioo hakipitishi umeme. Kamera ya upande wa pili, hata hivyo, itahitaji umeme wake pale ilipo.

Kabla ya mvua

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukaguzi mmoja kila Februari, kabla ya mvua kuanza, hutosha kuonyesha ganda lililopasuka, kofia iliyolegea au plagi iliyoanza kuliwa. Gharama ya kubadilisha plagi ni ndogo mno ikilinganishwa na ng'ombe aliyeibwa usiku ambao rekoda haikunasa kitu ila giza.