Kimea cha Ulezi, Ujuzi wa Bibi Zetu

Itajwapo pombe ya mbege, wengi wetu hukumbuka ngoma na ulevi, na mawazo yetu hukoma papo hapo. Ni wachache waulizao habari za ile punje ndogo ya ulezi, na jinsi wanawake wa zamani walivyojua kuigeuza. Basi twataka kuitazama kazi hiyo, maana nayo ni sehemu ya historia yetu.

Ulezi ni nafaka ya Afrika hasa. Ulianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita katika nchi za juu, upande wa Uhabeshi na Uganda. Ndizi sizo, asili yake ni Asia. Vitu hivi viwili vilikutana Kilimanjaro vikawa kinywaji kimoja. Wachagga waliuthamini ulezi hata wakaumwagilia kwa mifereji waliyoichimba toka mitoni, na katika lugha yao jina la nafaka ndilo jina la pombe: mbege.

Kazi yenyewe ni hii. Ulezi hulowekwa majini, ukachujwa, ukafunikwa kwa majani ya migomba mahali penye joto. Baada ya siku mbili tatu huota. Hapo hauna budi kuanikwa juani, kwani mche ukiachwa kukua huula utamu wote. Punje zilizoingia ukungu hutupwa, maana ukungu waweza kuwa na sumu. Ulezi ukikauka husagwa, na unga huo ndio kimea. Hupikwa uji, nao ukipoa hutiwa katika maji ya ndizi zilizopikwa na kuachwa siku kadhaa zichachuke. Uchungu wake hutoka katika gome la mti uitwao msesewe.

Kwa nini kuuotesha kwanza? Mbegu ina akiba ya wanga, chakula cha mche. Inapoota hutoa kitu cha kuuvunja wanga uwe sukari. Mwaka 1833 wataalamu wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walikitenga kitu hicho katika kimea cha shayiri, wakakiita diastasi. Bibi zetu hawakulijua jina hilo, lakini kazi yake waliijua kwa macho, kwa mikono na kwa ulimi.

Tena ujuzi huu haukuishia mtungini. Uji mzito humshinda mtoto mchanga kumeza. Nao ukizimuliwa kwa maji hulijaza tumbo lake dogo pasipo kumpa nguvu. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe wa Tanzania walionyesha ya kuwa kimea kidogo, kikitiwa katika uji uliopoa kiasi, huulegeza bila kuongeza maji. Kisha huchemshwa tena. Hivyo mtoto hupata unga mwingi katika kikombe kile kile.

Basi tupambanue mambo. Kapu moja la ulezi laweza kumlevya baba, nalo laweza kumnenepesha mwana. Kosa si la kimea. Akatazaye ulevi na aukataze kwa nguvu zake zote. Lakini asimkataze binti kujifunza kwa bibi yake namna ya kuuotesha ulezi. Bibi akizikwa na ujuzi wake, atakayepungukiwa si mlevi, ni mtoto.