Masafa Marefu, Msitu Mfupi: Bunduki Zilizopigana Kwale

Tarehe 17 Agosti 1895, kikosi cha Uingereza kikiongozwa na Admeri Harry Rawson kiliiteka ngome ya Mwele, kwenye vilima vya bara ya Gazi, katika pwani ya kusini ya Kenya. Jenerali Lloyd Mathews, mkuu wa askari wa Sultani wa Zanzibar, alijeruhiwa. Mtu waliyemtafuta, Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, hakupatikana. Vita viliendelea kwa miezi minane zaidi, hadi ikabidi wanajeshi waletwe kutoka India.

Serikali yenye bunduki bora za zama zile ilihangaishwaje hivyo na watu ambao baadhi yao walibeba magobori?

Zama zile ndizo zilizozaa mashindano ya shabaha ya mbali. Septemba 1874, katika uwanja wa Creedmoor karibu na New York, timu ya Marekani ilipambana na ya Ireland kwa umbali wa yadi 800, 900 na 1,000. Waayalandi walitumia bunduki za kushindiliwa mdomoni. Wamarekani walikuwa na Sharps na Remington za kupakiwa nyuma, wakashinda kwa alama 934 dhidi ya 931. Hadi leo huko Marekani wapo wanaofyatua bunduki za aina hiyo kwa burudani, zenye baruti nyeusi na zinazopakiwa risasi moja moja, wakishindana kwa mtindo wa enzi za makaoboi.

Ukitaka kuingia katika mchezo huo, jambo la kwanza kujifunza ni kwamba risasi haiendi moja kwa moja. Ile ya baruti nyeusi ni nzito na haina kasi kubwa. Hupanda angani, ikapinda, kisha ikashuka kwa mteremko mkali. Mpigaji huinua kilengeo kulingana na umbali, husoma upepo, na baada ya kupiga hutazama vumbi limetimka wapi ili ajirekebishe. Uingereza nayo ilikuwa imeipokea Martini-Henry mwaka 1871, na kilengeo chake kilichorwa alama za kupita yadi elfu moja. Ujuzi wote huo hudai kitu kimoja: uwanda ulio wazi.

Kwale haikuwa na uwanda huo. Kutoka ufukweni kwenda bara mtu alipita mikoko, minazi, vichaka vya miiba, kisha msitu wa Shimba. Kwenye njia nyembamba za Wadigo na Waduruma, kumwona mtu aliye mita hamsini mbele ilikuwa bahati. Hapo yadi elfu za Martini-Henry hazikuwa na kazi.

Mkataba nao ulichangia. Mwaka 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, yakaruhusu magobori ya gumegume yenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Aliye na gobori anajua halifiki mbali, kwa hiyo huchagua mahali ambapo hata adui yake hawezi kupiga mbali. Ndivyo walivyofanya watu wa Gazi.

Mbaruk hakuwa mgeni wa mbinu hiyo. Wamazrui walipopoteza Mombasa kwa Seyyid Said mwaka 1837, tawi moja lilihamia Takaungu na jingine Gazi. Mwaka 1882 Mathews huyohuyo aliizingira Mwele kwa niaba ya Sultani Barghash, na Mbaruk akanusurika. Vita vya 1895 vilianzia kwenye ugomvi wa nani arithi utawala wa Takaungu, baada ya kampuni ya Kiingereza kumpendelea mgombea wake. Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka wa kusini, akaingia koloni la Wajerumani na kujisalimisha kwao.

Miaka kumi na minane baadaye msitu huohuo ulipima bunduki nyingine. Askari wengi wa Wajerumani waliovuka mpaka mwaka 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na kushambulia kuelekea Gazi walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871. Kila mlio ulitoa wingu la moshi lililomwonyesha mpigaji alipojificha. Waliokabiliana nao ni pamoja na kikosi cha Waarabu na Waswahili cha Arthur Wavell, Mwingereza aliyewahi kuhiji Makka kwa kujifanya Mzanzibari. Januari 1915 Wajerumani waliteka Jassin, mpakani, wakatumia risasi nyingi kiasi kwamba kamanda wao, Lettow-Vorbeck, aliona hawezi kumudu mapigano mengi ya aina hiyo. Wavell mwenyewe aliuawa Mwele, Januari 1916, katika mapambano ya vichakani.

Leo uwazi umepatikana: mashamba ya miwa ya Msambweni, yakishavunwa, yanaruhusu jicho kufika mbali. Hata hivyo, Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na bunduki yoyote ya raia iko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kijana wa Diani anayetamani shabaha ya mbali ataanza kwa kuomba leseni kabla hajafikiria upepo. Akiipata, atakuwa na nafasi ambayo wazee wa Gazi walinyimwa na mkataba wa Brussels: kuwa na bunduki ya masafa, na mahali pa kuitumia bila kumlenga mtu.